Programu ya Mwalimu Rebeccah

Merigi, 14 Januari 2024

Kwa Zack Mosoti,

Mwandiko unaouona ni wa Caren, maneno ni yangu. Ameketi mbele yangu na kalamu, na nimemwonya asiongeze wala asipunguze. Mimi ni Rebeccah, mama yake. Najua kijana anayekusudia kuoa hapaswi kuingia ingia kwetu kabla ya wazee wake kuja, na sina haja ya kuivunja desturi hiyo. Lakini barua haina miguu. Haiwezi kushtakiwa kwa kukanyaga uwanja wa mtu.

Nilifundisha Kiswahili katika shule ya msingi hapa Merigi mpaka nikastaafu. Vitabu tulivyowasomea watoto wa darasa la tatu vilijaa bahari na minazi. Mtoto ananiuliza, "Mwalimu, mawimbi yanafananaje?" na mimi mwenyewe sijayaona. Nikajiapia kwamba nikistaafu nitaandika kitabu cha hadithi za huku kwetu: ng'ombe anayekataa kukamuliwa na mgeni, mvua ya mawe iliyopiga chai siku ya harusi, mzee aliyesinzia kwenye kituo cha kununulia majani ya chai akaamkia ndani ya lori. Hadithi ninazo. Vidole ndivyo vilivyonikana. Daktari anasema ni baridi yabisi. Vimejikunja kama tangawizi na kalamu inaniponyoka.

Nina vipande vya karatasi vya miaka mingi, nyuma ya kalenda, juu ya mifuko ya mbegu. Mwezi uliopita mama mmoja wa kanisani alikuja kunisaidia kupika, akawashia moto kwa hadithi nzima. Sikumlaumu. Ilikuwa inafanana na takataka.

Caren anasema wewe hutengeneza programu za kompyuta huko Kericho. Je, unaweza kunitengenezea moja ambayo nitaiambia maneno nayo iandike, iyatunze, kisha inisaidie kuyapanga yawe kitabu? Ile ya kwenye simu nilijaribu. Nilisema jina Chepkorir, ikaandika "chapa kori".

Ni mimi,
Rebeccah, mama Caren

Nimeongeza hapa chini bila ruhusa yake. Zack, tafadhali fanya. Huwa analia akidhani simwoni. Mimi narudi kazini Marsabit keshokutwa na sitakuwa hapa kumwandikia. — C.


Kericho, 28 Januari 2024

Mwalimu wangu mheshimiwa,

Mama yangu aliposikia nakuandikia, aliniambia kwanza nivae shati safi. Nimevaa.

Nitaitengeneza. Kazini natengeneza programu za ushirika wa maziwa, kila lita ya kila mkulima iingie mahali pake, kwa hivyo kutunza vitu nimezoea. Lakini maziwa hayana mawazo, na kitabu chako ni mawazo, ndio maana nina swali kabla sijaanza. Ukitafuta kipande cha karatasi ulichoandika zamani, unakumbuka nini kwanza? Tarehe? Kichwa cha hadithi? Watu wengi hupenda makabrasha, kila jambo na kabrasha lake, na naweza kukupangia hivyo.

Nimetuma kompyuta yangu ya zamani kwa ofisi ya vifurushi ya Bomet, ikiwa na toleo la kwanza. Herufi nimezifanya kubwa. Bonyeza kitufe chekundu kwa kiganja au hata kwa kiwiko, haijali, kisha ongea. Haihitaji netiweki ili kuandika. Ukitaka kunitumia barua, sema "mwisho wa barua", nayo itangoja mpaka netiweki ipatikane ijitume yenyewe.

Ikikosea, usiniwie radhi kwa kunificha. Niambie.

Mtumishi wako,
Zack


Merigi, 3 Machi 2024

Mwanangu Zack,

Nakuandikia nikiwa jikoni. Nimeamka mapema nikakamua, nikapiga chai damu, na sasa nimekaa na kikombe. Kuku mweupe ametaka yai nyuma ya mlango. Jana mchungaji alikuja akiwa amelowa mvua, nikampa goti la marehemu Aron ajifunike, akashukuru sana.

Nimeyasoma hayo hapo juu na sikuyasahihisha, kwa sababu nataka uone mwenyewe ulichokitengeneza. Sikupiga chai. Na goti la mume wangu alizikwa nalo. Nilichompa mchungaji ni vazi la juu lenye vifungo, nisilitaje tena likageuka.

Kosa si lako peke yako. Kinywa changu ni cha Kipsigis. Miaka yote nilifundisha watoto wa watu kutofautisha herufi ya kuku na ya gari, ya taa na ya dawa, wakafaulu, lakini mdomo wenyewe haujawahi kunitii.

Umeuliza nakumbuka nini kwanza. Si tarehe. Kichwa huwa sina mpaka hadithi iishe. Nakumbuka nilikuwa wapi. Hadithi ya ng'ombe ilinijia zizini. Ile ya mzee wa lori ilinijia kanisani katikati ya mahubiri, Mungu anisamehe. Kama programu yako inaweza kuniuliza tu, "Mwalimu, uko wapi?" na kuweka maneno yangu mahali hapo, basi nitayapata. Makabrasha waachie ushirika.

Wako,
Rebeccah


Kericho, 10 Machi 2024

Mwalimu mpendwa,

Barua yako niliisomea nyumbani kwetu Sosiot siku ya Jumapili. Baba yangu, Mzee Isaiah, alipofika kwenye goti alitoka nje akasimama kando ya tangi la maji akicheka mpaka aliporudiwa na sauti. Mama anasema amekupenda tayari.

Nimekaa na mambo yako wiki nzima. Nimeondoa makabrasha yote. Ukifungua sasa utaona picha nne: zizi, jiko, shamba la chai, kanisa. Ukigusa moja, unaongea, na maneno yanabaki hapo. Ukiwa tayari kuandika hadithi, unayaita kutoka kila mahali na kuyasogeza kwa kiganja, hili juu, lile chini, mpaka yakae unavyotaka.

Kuhusu sauti: nimeweka ukurasa wa maneno mia kadhaa. Tafadhali isomee programu, polepole, kwa kinywa chako kilekile cha Kipsigis, usikinyooshe. Nataka ikuzoee wewe, si wewe uizoee.

Na nimeamua jambo lingine. Neno ambalo programu haina hakika nalo, haitabahatisha tena. Italiacha tu na kuendelea, ukurasa ubaki safi, na hakuna goti litakalokuaibisha. Sauti yenyewe itafutika ikishaandikwa, mashine isije ikajaa.

Wazee wa kwetu wamekubali kuja kwenu tarehe 18 Mei, Jumamosi, kama Caren alivyosema inawafaa. Siandiki hili kukuharakisha. Naandika kwa sababu nimefurahi na sina mwingine wa kumwambia hapa ofisini.

Zack


Merigi, 21 Aprili 2024

Mwanangu Zack,

Sasa inaandika vizuri. Wiki mbili nimeisomea yale maneno yako kama mtoto wa darasa la kwanza, na mvua hii ya masika ikipiga mabati nikawa naongea kwa kushindana nayo. Nikiamka nina jambo, naingia zizini, nagusa picha ya zizi na kiwiko, nasema. Jana nilimaliza hadithi ya ng'ombe. Niliisoma yote kwenye kioo, kurasa sita, hakuna kosa hata moja. Nilikaa pale kwenye gunia la chakula cha ng'ombe nikajihisi mtu tena. Hujui umenifanyia nini, na sitajaribu kukueleza, kwa sababu nikianza nitaharibu barua.

Kuna jambo zito kidogo. Kipngetich, mdogo wa marehemu mume wangu, ndiye mkubwa wa boma hili sasa. Alikuja Ijumaa, akakaa muda mrefu. Amezungumza mambo ya ule mwaka wa uchaguzi mbaya, watu wa kabila lenu na watu wa kabila letu walipopigana, nani alifanya nini. Nilimsikiliza mpaka mwisho kwa sababu ni shemeji yangu. Sitaki ndoa hii kwa sababu ya maneno ya Kipngetich. Wewe ni mtu mzima, utanielewa. Waeleze wazazi wako mapema, wasije wakasikia kwa watu wengine.

Usiache kunitengenezea programu. Nakuombea kila siku.

Rebeccah


Kericho, 27 Aprili 2024

Mwalimu,

Barua yako nimeipata. Nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyohitaji.

Nimelisikia neno lako na nimeliheshimu. Nimewaeleza wazazi wangu kama ulivyoagiza. Wazee hawatakuja tarehe 18. Hakuna aliyekasirika. Baba alisema tu kwamba mtu hawezi kulazimisha mlango wa mwenzake.

Caren nitamweleza kwa njia yangu. Naomba usimwambie chochote kwanza, nisingependa akosane na nyumbani kwao kwa ajili yangu.

Programu itaendelea. Kama kuna kitu hakifanyi kazi, niandikie, hata kwa mstari mmoja. Hadithi ya ng'ombe ningependa kuisoma siku moja, ukiona inafaa.

Zack


Marsabit, 25 Mei 2024

Zack,

Nakuandikia barua kwa sababu kwa simu unakwepa. Nikikuuliza kitu unaniuliza habari ya jua la Marsabit.

Uliniambia wazee hawakuenda kwetu kwa sababu mzee wako anaumwa mgongo na hawezi kuinuka. Mimi ni nesi, nikaanza kukuuliza maumivu yapo upande gani, ukasema pande zote. Jana nimempigia Mzee Isaiah mwenyewe kumpa pole. Ameniambia kwa sauti kubwa kwamba yuko shambani tangu asubuhi akipogoa chai, na kwamba mgongo wake uko mahali pake. Kisha akakata simu kama mtu aliyekumbuka ameambiwa asiseme.

Mama naye nikimuuliza anasema, "Mambo ya wazee yana wakati wake." Sauti yake imekuwa ndogo. Haniambii habari za kitabu tena.

Kama umebadilisha mawazo, niambie. Mimi si yai. Ninashinda na watu wanaokata roho mikononi mwangu na bado ninakula chakula cha mchana. Lakini kudanganywa polepole na mtu ninayempenda, hilo sijajifunza.

Caren


Kericho, 28 Mei 2024

Caren wangu,

Nisamehe. Sikubadilisha mawazo hata siku moja.

Mama yako alikataa. Nakunakilia maneno yake kama yalivyo: "Sitaki ndoa hii kwa sababu ya maneno ya Kipngetich. Wewe ni mtu mzima, utanielewa." Yaliandikwa tarehe 21 Aprili, katika barua iliyojaa upendo, na hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi. Angenitukana ningemjibu.

Utauliza kwa nini niliamini upesi hivyo. Unajua mama yangu alikuwa na kibanda cha mitumba Silibwet. Mwaka ule wa uchaguzi alikifunga mchana akiwa na wateja, akaondoka na mimi na mkoba wa mkononi, na tangu siku hiyo hajakanyaga tena upande wa Bomet. Hata safari ya kwenu alikuwa amekubali kwa shida. Mtoto aliyelelewa na kitu kama hicho, akiambiwa mlango umefungwa, hagongi mara ya pili. Nilidhani nakulinda. Naona nilikuwa najilinda mimi.

Zack


Marsabit, 30 Mei 2024

Zack,

Nimeisoma hiyo sentensi mbele ya dirisha, nikaisoma tena kwa sauti. Hayo si maneno ya mama yangu. Mama akikataa kitu hasemi "kwa sababu". Alinikatalia viatu vya kisigino mpaka nikamaliza shule na sijaambiwa sababu hadi leo.

Una sauti yake ya siku hiyo? Kama programu yako ilimsikia, tusikie na sisi.

Sikungoja jibu lako, nimempigia. Nimemsomea polepole. Akaniuliza tu, "Caren, uliacha kalamu kwenye kabati gani?"

C.


Merigi, 1 Juni 2024

Zack mwanangu

Naandika kwa mkono wangu. Unaniuma kwa hivyo nisikilize.

Nilisema IKAWIE.

Sitaki ndoa hii IKAWIE kwa sababu ya maneno ya Kipngetich.

Mashine imekula neno langu.

Waje.

Mama


Kericho, 9 Juni 2024

Mama,

Barua yako imefika Jumatano. Nilijifungia stoo ya ofisi. Kila herufi niliiona ilivyokugharimu. Nimempelekea mama yangu aione, akaishika kwa mikono miwili.

Nimefungua programu nikatafuta kilichotokea, na naweza kukueleza. Wewe ulisema "ikawie". Kwa kinywa chako na kwa ile mvua ya mabati, ilisikia kama "igawie". Haikuwa na hakika nalo. Ikafanya kile nilichoiagiza kufanya: ikaliacha, ikaunganisha yaliyobaki, na sentensi ikatoka safi kabisa, haina hata kovu. Nilikuwa nimefuta sauti, kwa hivyo hatungeweza kurudi kusikiliza. Ningeiacha ikosee wazi, ikaandika upuuzi kama wa goti, ungeona na mimi ningeona. Nilitaka ukurasa mzuri. Nilisahau kwamba ni ukurasa wako.

Nimeibadilisha. Neno ambalo haikulisikia sasa inaacha pengo jeusi, kubwa, huwezi kulipita bila kuliona. Ukigusa pengo hilo, unasikia sauti yako mwenyewe ikisema ulichosema. Hakuna sauti itakayofutwa bila wewe kuamuru. Mashine ikijaa nitaleta nyingine. Na barua haiondoki tena mpaka ikusomee yote kwa sauti, nawe useme "nenda".

Sijui kuomba msamaha wa kutosha kwa Caren. Kwako naomba huu mmoja. Tulipoteza masika nzima.

Baba anasema wangependa kuja mwezi wa nane, chai ikiwa imepungua. Mama amesema atakuja. Hakuambiwa na mtu.

Mwanao,
Zack


Merigi, 18 Agosti 2024

Mwanangu Zack,

Siku ile ya koito, wazee wenu walipokuja kuposa, sikupata nafasi ya kusema na wewe, na haikupasa. Wewe ulikuwa umekaa na vijana upande wa pili, umeinamisha kichwa kama mtu anayetafuta sindano. Acha nikueleze upande wetu ulivyokuwa.

Kwanza nikiri kitu. Barua yako ya Aprili niliisoma nikadhani mama yako ndiye aliyekataa kurudi upande huu. "Nimelisikia neno lako," uliandika, nikaona unanificha kwa adabu. Sikuthubutu kumlaumu mwanamke aliyekimbizwa, kama Caren alivyonisimulia. Kwa hivyo nilinyamaza, na wewe ukanyamaza, kila mmoja akimhurumia mwenzake. Sisi wawili tuna heshima nyingi kupita kiasi. Caren amesema hivyo kwa maneno makali zaidi.

Mama yako alipoingia alichagua kiti cha karibu na mlango, mkoba juu ya mapaja. Nikaona. Nikabeba kiti changu nikakaa kando yake, ingawa mahali pangu palikuwa mbele. Kipngetich akanitazama. Nikamtazama.

Zamu ya Kipngetich ya kuongea ilipofika, alisimama na kusema, "Mimi nina swali, na sitalizunguka. Watu hawa wakitoka hapa leo, kesho ukija uchaguzi mwingine, tutakuwa tumeoana na nani?"

Baba yako hakuinuka. Akasema akiwa ameketi, polepole, "Shemeji, mimi nilizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa chai huko Kericho. Baba yangu amezikwa Sosiot. Swali lako najiuliza kila uchaguzi, nikiwa kitandani na mke wangu, na sijapata jibu. Nimekuja nikidhani labda tukijiuliza pamoja halitakuwa zito hivi."

Kipngetich alibaki amesimama. Kisha mama yako akasema, "Mimi nina swali langu pia. Siku ile nilipofunga kibanda changu Silibwet, kuna mtu wa kwenu alinibebea mtoto mpaka barabarani. Sikumwuliza jina. Ningependa kujua kama yuko hai."

Mtoto mwenyewe alikuwa wewe. Sikujua habari hiyo, na kwa uso wako nilivyouona, hata wewe hukuijua.

Kipngetich alikaa. Akajifuta uso kwa kofia, akasema, "Tutamtafuta." Kisha akauliza kama chai imeiva. Hapo ndipo nilipojua mambo yamekwisha, kwa sababu mtu huyo hanywi chai kwenye nyumba ambamo amekasirika. Tarehe ya harusi ilipangwa kabla vikombe havijatolewa.

Programu yako mpya inaniudhi kidogo. Inanisomea kila kitu kabla ya kutuma, na katika barua hii imeacha mapengo manane, yote nimeyajaza. Inasoma kwa sauti ya mtu wa mjini asiyejua utani. Lakini nimeikubali. Afadhali mjumbe anayechosha.

Hadithi ya ng'ombe niliichapisha Bomet nikaipeleka shuleni. Waliniruhusu kuwasomea darasa la tatu. Nilipofika mahali ng'ombe anapomvua mgeni kofia, mtoto mmoja wa nyuma akasema kwa nguvu, "Huyo ni wa kwetu." Nikajifuta macho kwa leso. Niliwaambia ni mafua.

Mama


Merigi, 15 Desemba 2024

Watoto wetu Zack na Caren,

Salamu nyingi huko Marsabit. Ni mama yenu Rebeccah anayesema sasa, tuko jikoni, na kando yangu ni mama yenu wa Sosiot, Nyabate, ambaye anatazama kitufe chekundu kwa mashaka.

Tangu mwondoke siku ya pili baada ya harusi, nyumba ilikuwa kubwa. Jumanne Nyabate alikuja kunirudishia masufuria niliyomwazima, akasema hatakaa, gari la kurudi lisimpite. Nikamwambia anywe chai. Mvua ikanyesha. Hiyo mvua sikuiomba, lakini sikuilaani.

Alhamisi tulienda Silibwet. Ni yeye aliyesema twende, mimi nisingethubutu. Mahali pa kibanda chake wanauza simu sasa. Alisimama hapo na mkoba wake, nami nikasimama nyuma kidogo. Tulipokuwa tukigeuka, mama mmoja muuza viazi akainuka taratibu kwenye kigoda chake akamtazama, akasema, "Mama Zack. Ulipotelea wapi?" Akauliza kijana amekuwa mrefu kiasi gani, kwa sababu siku ile alikuwa mzito kumbeba. Nyabate akaketi palepale kwenye gunia la viazi. Nilienda kutazama bei ya sukumawiki nisiyoihitaji, nikawaacha. Niliporudi walikuwa wameshikana mikono, wakicheka jambo ambalo sijaambiwa. Kipngetich nimemwambia asimtafute tena mtu yule. Anaitwa Alexina Chebet, na Jumapili tunamtembelea.

Sasa nampa nafasi mwenzangu. Anasema hajui kuongea na mashine. Nimemwambia aongee na nyinyi.

Zack, Caren, ni mimi. Mko salama? Caren, huyu kijana asipokula mboga usimbembeleze, mwache ashinde na njaa, atakula. Mimi niko mzima. Nilikuja na nguo niliyovaa tu, sasa navaa za Mwalimu, ni ndefu, zinafagia. Asubuhi yeye anakamua, mimi nachemsha chai, halafu tunaenda shambani ananisomea hadithi yake, na nikiona mahali ni uongo namwambia. Amebadilisha mbili. Silibwet kwanza miguu ilikataa kushuka garini, lakini ilishuka.

Baba yenu anapiga simu kila jioni kuuliza nitarudi lini. Akiwauliza na nyinyi, mwambieni sukumawiki iko nyuma ya nyumba na kibiriti kiko juu ya rafu.

Mama zenu,
Rebeccah na Nyabate